Maneno 1,500 na bado sisikii: jibu kwa kijana wa Kaole

Msomaji mmoja wa Bagamoyo ameniandikia hivi. Barua yake nimeifupisha kidogo tu:

“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Nimejifunza Kijerumani kwenye simu mwaka mmoja na miezi saba bila kuruka siku, na programu inaniambia nimeshajua maneno zaidi ya 1,500. Mwezi uliopita nilipata wageni wanne kutoka Ujerumani. Walipoanza kuongea sikushika hata sentensi moja, ikabidi wahamie Kiingereza. Jioni mmoja wao akaniambia kesho tukutane ‘halb acht’. Nikafika saa mbili na nusu asubuhi, nikaambiwa wageni wamesubiri mpaka wamechoka, wameondoka na mtu mwingine. Mwalimu, nianze upya na stadi gani? Kusoma, kuandika, kuongea, kusikiliza, au nikae na sarufi kwanza? Na je, kwa umri huu nimeshachelewa?”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa siku ile. Nianze na hilo la saa, maana swali lako lote limo humo.

Acht ni nane, na nane ya saa yao ni saa mbili yetu. Halb ni nusu. Ukajumlisha, ukapata saa mbili na nusu. Hesabu yako ingekuwa sawa kama Mjerumani angehesabu nusu iliyokwisha kupita kama sisi. Yeye anahesabu nusu ya kuiendea nane: saba imeshapita, na saa iko katikati ya njia ya kwenda nane. Halb acht ni 7:30, kwetu saa moja na nusu. Ulichelewa saa nzima, na maneno yote mawili ulikuwa unayajua. Lililokosekana ni kwamba hujawahi kumsikia mtu akisema halb acht kisha ukamwona anatokea mlangoni saa moja na nusu. Ungelisikia hivyo mara tatu tu, lisingekupotea.

Ndiyo hali yako nzima hiyo. Umejifunza kwa macho kitu ambacho wageni wanakuletea kwa mdomo. Maneno 1,500 yako kichwani kweli, sikatai, lakini yamekaa kama picha za herufi. Mgeni anapotamka, sikio lako halina cha kulinganishia. Kwa hiyo jibu langu ni moja: anza na kusikiliza. Kwa miezi mitatu ijayo, nusu ya muda wako wote wa Kijerumani iwe ya sikio, na hizo stadi nyingine zigawane nusu iliyobaki. Najua shuleni tulipewa stadi nne kama mafiga ya urefu mmoja. Mtoto hazipati kwa mpangilio huo, na mtu mzima aliyekwama mahali ulipokwama wewe hazimsaidii akizishika zote kwa pamoja.

Mbali na Kijerumani ninachowafundisha watu wetu, nimefundisha Kiswahili kwa wageni hapa Tanga miaka mingi, na tatizo lako nimeliona upande wa pili. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa ameshasoma Kiswahili miaka miwili huko kwao. Sarufi aliijua kuliko wanafunzi wangu wengine wote. Nikampeleka soko la Mgandini, nikamwambia asimame karibu na wauza mboga asikilize tu, asinunue kitu. Baada ya robo saa akanirudia uso umemshuka. “Mwalimu, hiki si Kiswahili nilichosoma.” Nikamuuliza amesikia nini. Akasema mama mmoja amerudia mara kadhaa neno “nshakwambia”, na yeye amelitafuta kwenye kamusi ya simu halimo. Kwenye daftari lake lilikuwamo, limeandikwa vizuri kabisa: nimekwisha kukuambia. Maneno mawili ya daftari, sokoni yamekuwa pumzi moja.

Wageni wako nao wanafanya vivyo hivyo. Sauti ya kwenye simu inakutamkia “Haben Sie das gesehen?”, yaani je, mmekiona kile, kila neno limesimama peke yake. Mgeni wa Kaole akiwa anapiga picha huku anaongea atasema kitu kama “hamse das gesehn?” Haben Sie imekuwa hamse. Hast du, una, inakuwa haste. Nicht, neno la kukanusha, mara nyingi linapoteza t ya mwisho likabaki nich. Wasemaji wa lugha zote za dunia wanakata na kuunga, sisi pia. Nenda ufukweni kwenye mnada wa samaki ukiwa na mgeni aliyesoma Kiswahili darasani, uone atakavyobaki anatazama midomo.

Kama ulipita chuoni, yaani madrasa, utotoni, unajua sikio linavyofundishwa kwa bidii. Mwalimu hakukuandikia maelezo ya namna ya kutoa ‘ain, ile herufi ya Kiarabu ya kooni. Alitamka, mkaitikia. Akatamka tena, mkaitikia. Halafu akamwita kila mmoja mbele asome, na aliyekosea alirudishwa hapo hapo mpaka sauti ikae mahali pake. Sauti za Kiarabu zilitukaa kooni kabla hatujajua maana ya aya hata moja. Mpaka wa njia ile unaujua pia: wako watu wanaosoma juzuu nzima kwa tajwidi safi, lakini hawawezi kumuuliza Mwarabu njia ya kwenda sokoni. Sauti ni kazi moja na maana ni kazi nyingine. Chuo kilitupa sauti, maana ikabaki nyuma. Simu imekupa maana, sauti imebaki nyuma. Kazi yako sasa ni kuvikutanisha.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa namna iliyonibadilisha hata mimi ninavyofundisha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Marekani walichukua watoto wachanga wa miezi tisa wanaokulia kwenye Kiingereza, wakawaletea Wachina wa kucheza nao na kuwasomea kwa Kichina, mara 12, kila mara dakika 25. Watoto wakaanza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi jingine likapewa Kichina kile kile kwa muda ule ule, ila kupitia video. Halikupata kitu. Sisi watu wazima si watoto wachanga, na video inaweza kutufaa. Lakini mimi nimeshaacha kumwambia mwanafunzi kwamba simu peke yake inatosha. Wewe una bahati ambayo wengi hawana, maana Wajerumani wanakuja wenyewe mpaka ulipo, na wanakulipa.

Utafiti wa pili ndio utakaokufaa zaidi. Miaka ya 1990 mwanzoni, kundi la watafiti wa Marekani, mmoja wao akiwa David Pisoni, liliwafundisha Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza, sauti ambazo kwa sikio la Kijapani ni kitu kimoja. Ilionekana kwamba kusikia sauti za watu mbalimbali kunalifungua sikio zaidi kuliko kumsikia mtu mmoja akirudia yale yale. Programu yako ina sauti mbili tatu, na umezisikia mwaka mmoja na miezi saba. Umezizoea hizo. Hujakizoea Kijerumani.

Basi fanya hivi. Kaa chini uandike maswali ambayo wageni wanakuuliza Kaole siku zote. Unayajua, kwa sababu umeyajibu kwa Kiingereza mara mia. Wie alt ist die Moschee? Msikiti una umri gani? Wer liegt hier begraben? Nani amezikwa hapa? Woher kam das Wasser? Maji yalitoka wapi? Darf man hier fotografieren? Inaruhusiwa kupiga picha? Yafike kumi na mbili hivi, yasizidi. Kila unapopata mgeni Mjerumani aliyeridhika na ziara, mwishoni mwombe akusomee maswali hayo kwenye simu yako, mara moja kwa utulivu na mara moja kwa kasi yake ya kila siku. Hakuna mgeni atakayekunyima dakika mbili. Baada ya wageni kumi una sauti kumi: mzee, kijana, mama, mtu wa kaskazini, mtu wa Bavaria ambaye lafudhi yake ni nyingine kabisa. Hiyo ni hazina, na hakuna programu itakayokuuzia.

Halafu kuna imla. Watu wanaidharau kwa sababu inawakumbusha darasa la tatu, mimi naiheshimu kuliko zoezi jingine lolote la sikio. Chukua kipande cha sekunde 20, si zaidi. Kwanza kisikilize mara mbili bila kalamu. Kisha kicheze, simamisha, andika ulichosikia, hata kama ni takataka. Usipoelewa andika sauti kwa tahajia yetu ya Kiswahili: andika “hamze das gezeen” kama ndivyo ulivyosikia. Rudia mara tano, sita. Ndipo ufungue maandishi halisi ulinganishe, na hapo uwe na subira, kwa sababu hapo ndipo unapojifunza. Kila mahali ulipokosea jiulize: je, hili neno silijui, au nalijua ila sikulisikia? Tumia kalamu mbili. Maneno usiyoyajua yawe ya buluu, unayoyajua ila hukuyasikia yawe mekundu. Nakwambia kwa uzoefu, ukurasa wako wa kwanza utakuwa mwekundu karibu wote. Baada ya wiki sita wekundu utapungua, na utaanza kushika maneno kwa wageni ambao hujawahi kuwasikia. Kijerumani kina faida hapa, kwa kuwa tahajia yake inafuata matamshi kwa kiasi kikubwa kuliko Kiingereza. Ukisikia sawa, utaandika karibu sawa.

Ukishafika mbali kidogo, kuna mbinu ninayoipenda ambayo inawafaa watu wetu hasa. Deutsche Welle ina idhaa ya Kiswahili tangu mwaka 1963, na wazazi wako bila shaka waliisikiliza. Shirika hilo hilo lina taarifa ya habari ya Kijerumani inayosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza, pamoja na maandishi yake. Sikiliza kwanza habari kwa Kiswahili, ujue nini kimetokea duniani. Kisha sikiliza ya Kijerumani ya siku hiyo hiyo. Nyingi zitakuwa habari zile zile. Akili haitahangaika kutafuta maana, kazi yote itakuwa ya sikio. Usianze nayo leo, maana bado ni ngumu kwako. Ianze mwezi wa tatu au wa nne.

Sasa sarufi, maana umeiuliza na siwezi kuipita. Usikae nayo kwanza. Ila kuna jambo moja la sarufi linalolihusu sikio moja kwa moja, na sijaona kitabu kinachomwelezea Mswahili. Angalia neno letu “sikumwona”. Kabla hujafika hata kwenye “ona”, msikilizaji ameshajua kila kitu: ni mimi, ni jana au siku zilizopita, halikutokea, na aliyehusika ni mtu mmoja. Sikio letu limelelewa kupokea habari hizo mwanzoni mwa kitenzi. Mjerumani anasema: Ich habe den Mann gestern auf dem Markt nicht gesehen. Mimi, kitenzi kisaidizi, yule mtu, jana, sokoni, si, nimeona. Mpaka maneno mawili ya mwisho hujui kama alimwona au hakumwona, wala kama alimwona, alimpiga au alimlipa. Mswahili anayesikiliza Kijerumani anaichoka sentensi katikati. Anahisi ameshapata habari au ameshapotea, anaacha kusikiliza, na habari yenyewe inakuja nyuma yake. Wanafunzi wangu nawaambia wakisikia habe, hat, will, kann na wenzake, waning’inie hapo hapo, mzigo unakuja mwisho. Hali ni hiyo hiyo kwa vitenzi vinavyokatika. Der Bus fährt um acht Uhr ab: hiyo “ab” ndogo ya mwisho ndiyo inayosema basi linaondoka. Ukiikosa umebaki na basi linalotembea tu.

Kuhusu der, die na das, usikubali kutishwa na mtu. Wenzako wa Uingereza wanalia nazo kwa sababu kwao kila kitu ni “the”. Wewe umekua na ngeli. Hukuwahi kujifunza neno kiti likiwa peke yake. Ulisikia kiti changu, kiti hiki, kiti kimevunjika, na mtu akisema “kiti yangu” sikio lako linashtuka kabla ya akili. Jifunze die Moschee, das Grab, der Brunnen kama neno moja lisilokatika, kwa kuyasikia na kuyasema, usiyaandike kwenye kadi bila kichwa chake. Kadi zako za simu zenye neno tupu zifute, uziandike upya.

Matamshi yatakuwa rahisi kwako kuliko unavyodhani, na hili ni jambo la pwani. Kile “ch” cha Buch na Nacht kinachowatesa wageni wengi ni kh ya kheri tuliyoipokea kwa Kiarabu. R yao ya kooni iko karibu sana na gh ya ghali ukiitamka kwa ulaini. Ch ya ich ni laini zaidi, inatoka mbele ya mdomo, karibu na mahali pa i. Kwa ü, tamka i, na huku ukiishikilia kunja midomo kama unatamka u. Kinachotupa shida kweli ni mwisho wa neno. Lugha yetu inataka kila neno liishie na irabu, na tumekuwa tukiwasahihisha Wajerumani kwa zaidi ya miaka mia: Schule yao tukaipokea kama shule, na senti yao ya zamani, Heller, ikawa hela. Neno kama Herbst, majira ya majani kupukutika, linaishia na konsonanti tatu baada ya b kufifia kuwa p. Ukitamka “herbisti”, Mjerumani atakisia unachosema. Ukilitamka hivyo kila siku, nawe hutalisikia akilitamka yeye, na ubaya wake ndio huo: mdomo uliokosea unaliharibu sikio. Jirekodi, uweke sauti yako kando ya sauti ya mgeni, usikilize zote mbili mfululizo. Mara ya kwanza inauma. Fanya tu.

Hata sisi kwa sisi tuna sauti zisizoonekana kwenye maandishi. Waulize wazee wa pwani wakutamkie paa la nyumba na paa wa porini, au kaa la moto na kaa wa baharini. Wengi wao watakutolea pumzi kwenye mnyama, na kwenye paa la nyumba hawaitoi. Hakuna shule iliyowafundisha. Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa misheni ya Roho Mtakatifu aliyefika pwani hii mwaka 1879 na aliyefanya kazi hapo kwenu Bagamoyo, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ambayo hadi leo wataalamu wa lahaja wanaifungua, kwa sababu alisikiliza namna watu wa mahali mbalimbali wanavyosema na akaandika tofauti zao. Wajerumani nao walilijua hili. Mwaka 1900 chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin kilimchukua Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, akawafundishe Wajerumani Kiswahili. Vitabu na maprofesa walikuwa nao, na bado walimhitaji mtu mwenye lugha hiyo mdomoni.

Kuongea kuanze lini? Leo, ila kwa kiasi. Wako wanaosema sikiliza tu na lugha itatoka yenyewe. Huko Kanada Merrill Swain aliwachunguza watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi. Walielewa vizuri sana, lakini wakiongea na kuandika makosa yalibaki, na mwaka 1985 akaandika kwamba kuelewa peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe kutoa. Zoezi langu kwako ni hadithi yako ya Kaole. Ieleze kwa Kijerumani, peke yako, dakika nne kwa saa ya simu: misikiti miwili, makaburi ya mawe ya matumbawe, kisima, karne ya 13. Pumzika kidogo, uieleze tena yote kwa dakika tatu. Kisha kwa dakika mbili. Hutajifunza neno jipya hata moja, na hiyo ndiyo nia. Unalazimisha yale unayoyajua yatoke bila kuyatafuta. Ukishaizoea, mgeni akikuuliza katikati hutababaika.

Na uwe na sentensi chache za kujiokoa, uzijue kama jina lako. Noch einmal, bitte. Rudia tafadhali. Langsamer, bitte. Polepole tafadhali. Mgeni akihamia Kiingereza mwambie kwa adabu: Ich lerne Deutsch, darf ich es versuchen? Najifunza Kijerumani, naomba nijaribu. Wengi watafurahi na watapunguza kasi. Kwa saa na bei, usikubali kamwe bila kurudia kwa namna nyingine. Akisema um halb acht, wewe sema: also sieben Uhr dreißig? Yaani saba na dakika thelathini, si ndiyo? Bei nayo ina mtego wake, maana wao wanatanguliza mamoja kabla ya makumi. Fünfunddreißigtausend ni tano na thelathini elfu, yaani 35,000. Mwanafunzi anasikia tano kwanza anaandika 53,000. Babu zetu waliokuwa wakihesabu “hamsa wa ishirini” kwa ishirini na tano wasingepata shida hapo. Fanya imla ya tarakimu dakika tatu kila siku, muda wa mwezi mmoja. Imla hii usiiache, maana ina fedha ndani yake.

Msamiati wako usiuongeze ovyo. Paul Nation wa New Zealand, aliyeshughulikia msamiati maisha yake yote, amekadiria kwamba ili mtu aelewe mazungumzo ya Kiingereza bila msaada anahitaji koo za maneno 6,000 hadi 7,000 (ukoo ni neno pamoja na vinyambuo vyake), na zaidi kwa kusoma. Usikate tamaa. Hesabu hiyo ni ya kusikiliza kila kitu, siasa, ugomvi wa ndoa na mpira. Wewe chagua uwanja mdogo. Ziara ya Kaole na Mji Mkongwe, chakula, usafiri, saa, bei na afya havitakudai hata nusu ya hapo. Kabla hujashika maneno mapya 500, hakikisha haya 1,500 unayasikia. Yale yatakayobaki kwenye kadi uyapitie kwa kuachanisha siku: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, akijipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba kurudia kwa nafasi kunashinda kurudia kwa siku moja. Na kila kadi ianze na sauti, maandishi yafuate.

Kusoma soma vitu vyepesi, ambavyo katika maneno mia huyajui mawili au matatu tu. Kuandika kutakuja kupitia imla. Kama baadaye utataka cheti, Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, ina ofisi Dar es Salaam, na kwenye mtihani wake wa B1, yaani ngazi ya tatu kati ya sita, hizo stadi nne zinapimwa mbalimbali, kila moja kwa alama zake, 60 kati ya 100 ndiyo ya kufaulu. Ukianguka kusikiliza, kusoma hakukuokoi.

Umri. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha uchunguzi wao wa wasemaji wa Kiingereza, watoto na watu wazima, waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko Uholanzi. Miezi ya mwanzo watu wazima na vijana wa miaka 12 hadi 15 ndio waliokwenda mbio, watoto wadogo wakabaki nyuma. Mtoto anamshinda mtu mzima baadaye, hasa kwenye lafudhi, na ni kweli hutaongea kama mtu aliyezaliwa Hamburg. Hakuna mgeni anayekutaka uongee hivyo. Mtoro alipofika Berlin alikuwa mtu mzima tayari.

Saa moja kwa siku, nusu yake sikio, kwa miezi sita: wanafunzi wangu waliofanya hivyo kwa uaminifu waliweza kuibeba ziara yao wenyewe, pamoja na maswali yake. Likizo za shule za Ujerumani hupishana kwa majimbo kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Septemba, na familia nyingi husafiri wakati huo. Hesabu nyuma kutoka hapo. Na mgeni Mjerumani wa kwanza utakayempata wiki hii, kabla hajapanda gari, mpe simu akusomee yale maswali kumi na mawili.